Mtani Asiyetaka Kukombolewa

Filamu yenyewe jina lake silikumbuki, na hata ningelikumbuka nisingelitaja, imenikosesha raha ya kutosha. Nilikuwa dada wa kazi kwenye nyumba moja ya Makorora, Tanga mjini, nimetoka kwetu Maramba, na mchana mtoto akishalala nilikuwa naruhusiwa kuwasha televisheni. Mama mwenye nyumba alipenda muvi zilizotafsiriwa, zile ambazo bwana mmoja anakaa na kipaza sauti anawasemea wote waliomo, wanaume kwa wanawake, na akichoka anaanza kutoa maoni yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa ya msichana aliyeachiwa watoto kwenye jumba kubwa la mbali na watu. Wazazi wametoka, na nje kuna mtu.

Nilikuwa naogopa huku nakasirika. Mtafsiri anamwambia dada usifungue mlango, na yeye huyoo, anafungua. Anasikia kishindo stoo, badala ya kukimbia anakwenda kuchungulia. Nilimtukana msichana yule mpaka mtoto akaamka. Kilichoniudhi zaidi ni ukimya wa jumba lile. Nyumba kubwa namna ile, jirani hana, mpita njia hakuna, hata muuza samaki hapiti. Nikasema moyoni, angekuwa Makorora huyu angepiga ukelele mmoja tu, uani kungejaa watu mpaka wengine wangepanda ukuta. Kwetu mtu haangamii kwa kukosa watu. Niliamini hivyo, wallahi.

Nyumba ile ilikuwa ya Wazigua wa Pangani, na mie Msambaa. Anayejua mambo ya Tanga keshaanza kucheka. Mzigua na Msambaa ni watani tangu enzi za mababu, waliopigana vita mpaka wakachoka, wakaona afadhali watukanane kuliko kuuana. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kofia yako humwiti mwizi, unamkomboa kwa sarafu kidogo, anakurudishia, mnacheka. Na pahali pake hasa ni msibani. Wakati wafiwa wanalia, mtani anaingia na kelele zake, anavaa nguo za marehemu, anaiga alivyokuwa akikohoa, anaficha sufuria ya pilau mpaka akombolewe. Ndivyo machozi yanavyokaushwa kwetu.

Pale nyumbani walikuwepo babu na bibi wa mtoto, wazazi wa baba yake. Baba mwenyewe alikuwa dereva wa lori, wiki yuko, wiki hayuko. Siku yangu ya kwanza nilipiga goti mbele ya bibi nikamwamkia shikamoo. Akaniuliza kabila langu. Nilipomwambia, akauondoa mkono wake kichwani kwangu haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Akasema shikamoo ya Msambaa haiingii kwenye sikio la Mzigua, nikitaka kumsalimia nimtukane kama watu wenye adabu. Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Asubuhi nikimpelekea chai namwuliza kama bado hajafa, ananijibu anasubiri kwanza mie nioge. Nilimpenda bibi yule kuliko nilivyokuja kupenda watu wengi wa damu yangu.

Mtoto alikuwa wa kike, anatimiza miaka mitatu, mwenye maneno mengi na asiye na woga hata kidogo. Mtu yeyote akimwita, anakwenda. Mama yake alikuwa akijisifu kwa hilo, ati mtoto ana watu. Mie lilikuwa likinitia wasiwasi.

Yule mtu nilimwona mara ya kwanza kwa fundi baiskeli, pale kona. Wa makamo, shati limepigwa pasi, kandambili safi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, lakini baiskeli hakuwa nayo. Tulipopita akamwita mtoto kwa jina lake. Mtoto akaitika kwa furaha, akapewa ubuyu, akaushika kwa mikono miwili. Nilimnyang'anya nikautupa mtaroni, na mtoto akanililia mpaka nyumbani. Nilipogeuka, yule mtu alikuwa anatutazama huku anacheka, ila kicheko chake hakikuwa na sauti.

Siku nyingine nikamwona ng'ambo ya barabara, kwa muuza mkaa. Hanunui mkaa. Mara nyingine akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza baba mtoto amerudi safari au bado. Mtu anaulizia habari za mwenye nyumba, si kosa, mtaa mzima unauliza. Lakini yeye alikuwa akiuliza kwa mdomo huku macho yake yako kwa mtoto.

Nilimwambia mama. Akacheka, akasema nipunguze zile filamu, zitanitia wazimu bure. Baba naye akaambiwa kwa simu, na yeye akacheka hukohuko alikokuwa. Hata nikamwambia bibi. Bibi akaniuliza kama nimemtazama miguu, maana jini huwa na kwato. Nikamwambia ana kandambili. Akasema basi ni binadamu, na binadamu ndiye wa kuogopwa. Alisema kwa mzaha, lakini tangu siku hiyo mtoto akichezea barazani bibi alikuwa anatoka na mkeka wake anakaa karibu naye.

Kisha babu akafariki. Aliugua kifua kwa muda mfupi, akaondoka kimya kimya alfajiri moja, na nyumba ikajaa. Aliyeishi uswahilini anaijua nyumba ya msiba. Mlango haufungwi. Hakuna hodi. Anayejua na asiyejua anaingia, anashika jembe, anashika sufuria, hakuna anayemwuliza ametoka wapi. Bibi akaingia eda. Akakaa chumbani kwake nyuma ya pazia, na pale angekaa miezi minne na siku kumi, asitoke barabarani, asionekane na wanaume wasio maharimu zake. Mwanamke aliyekuwa na sauti ya kuita watu kutoka kona ya pili sasa alikuwa pazia tu.

Yule mtu alikuja kuzika. Nilimwona amebeba jeneza pamoja na wengine, kofia kichwani, uso umeinama. Nikajilaumu kidogo, nikasema kumbe mtu mwema. Nilipomwuliza mmoja wa waliotoka makaburini, akaniambia yule ni Msambaa, mtani, alikuwa anawachekesha njia nzima. Nilifurahi kupata mwenzangu. Alipopita karibu na mlango nikamsalimia kwa Kisambaa. Akacheka kicheko kilekile kisicho na sauti, akanijibu kwa Kiswahili kwamba leo tuko kwa Wazigua, tuseme wasikie. Jibu zuri, la mtani hasa. Lakini nilibaki nimesimama na ndoo ya maji mkononi, sijui kwa nini imekuwa nzito.

Siku ya kuanua matanga, mama aliniita pembeni. Macho yamemvimba, sauti imekauka. Akasema leo sipiki, sioshi vyombo, kazi yangu ni moja: mtoto asinitoke machoni. Nikamwambia asiwe na shaka. Na kweli sikumwacha. Ila mie ni mtani, na watu walikuwa wananingoja. Nilivaa kanzu ya babu, nikavaa kofia yake, nikashika bakora yake, mtoto nimemfunga mgongoni kwa kanga, nikapita uani kote nikimwiga marehemu anavyogombana na kuku. Wanawake waliokuwa wakipika walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaenda kwenye pazia la bibi nikamwambia mke wangu nimerudi, ahera pilau hakuna. Nikamsikia anacheka kule ndani, cheko dogo lililochanganyika na kilio, na nikaona kazi yangu nimeifanya.

Baadaye mtoto akataka kushuka. Nikamshusha, akaenda kucheza na wenzake kando ya pipa la maji, hatua chache tu kutoka nilipokuwa. Namwona.

Hapo ndipo yule mtu alipoingia uani. Mwanaume mwingine asingeweza kuingia pale katikati ya wanawake, lakini mtani hana mpaka. Aliingia kwa vurugu, akapora mwiko, akaonja pilau, akatema, akasema Wazigua hata kufiwa hawajui. Wanawake wakamzomea kwa furaha. Akazunguka, akafika kwenye pipa, akamwinua mtoto juu akamkalisha begani.

"Huyu wangu!" akasema. "Nimemchukua!"

Uani kote kicheko. Hata mie nilicheka. Mtoto naye alikuwa anacheka, kamshika kichwa kwa mikono miwili, anatutazama toka juu kama bibi harusi. Wanawake wakaanza kufungua mapindo ya kanga zao kutafuta sarafu za kumkomboa. Mmoja akamsogelea na sarafu kwenye kiganja, akamwambia haya, chukua, tupe mtoto wetu.

Hakuitazama ile sarafu. Alimpita yule mama, akashika njia ya ujia unaotokea barabarani.

Nimekuwa mtani tangu nazaliwa. Nimeiba makofia, masufuria, nimeiba hata kiatu cha bwana harusi. Mtani hachukui kitu ili aondoke nacho. Anachukua ili akimbizwe, abembelezwe, apigiwe kelele, apewe chake arudishe. Ukimnyima sarafu ndiyo anakaa hapohapo anakukera. Sijapata kuona mtani anayeikataa sarafu akaenda zake.

Nikapiga ukelele. Nikasema mtoto anaibwa, yule si mtani, mkamateni. Na watu, jamani, wakacheka. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo walivyozidi. Nilikuwa nimevaa kanzu ya marehemu inayoburuta chini na kofia yake imenishuka hadi kwenye nyusi, na tangu asubuhi kila nililosema lilikuwa uongo wa kuchekesha. Nani angeniamini? Wakaniambia mtani mwenzangu leo kaniweza. Nilipotaka kukimbia, wapishi wawili wakaidaka kanzu yangu nyuma, wakanivuta, wakasema babu haendi popote, babu kafa. Nikalia machozi ya kweli. Wakasema mtazameni anavyojua kulia. Mama mtoto alikuwa ameegemea ukuta, mkono tumboni, anacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Nilimwita kwa jina la mwanawe. Akanipungia mkono nimwache apumzike, mbavu zinamwuma.

Kupitia ule ujia nilikuwa naona kipande cha barabara. Wanaume wamekaa kwenye majamvi chini ya turubai. Nikamwona yule mtu anapita mbele yao na mtoto begani, anasema kitu, wote wanacheka. Nikamwona baba mtoto mwenyewe ananyanyua mkono kumpungia binti yake. Mtoto akampungia baba yake. Mbele kidogo bodaboda ilikuwa inangoja, injini inaunguruma.

Nilimkumbuka yule msichana wa filamu. Jumba lake tupu, langu limejaa, na wote wawili hatuna mtu.

Katika kuvutana na wale wapishi nilikuwa nimesukumwa mpaka mlangoni mwa ukumbi, karibu na pazia la bibi. Nikasikia sauti yake ndani inauliza Msambaa leo analilia nini, au kakumbuka kwao hakuna nazi. Wanawake wakaangua kicheko tena. Nikavua kofia ya babu. Nikapiga magoti pale sakafuni, nikainamisha kichwa mbele ya lile pazia.

"Shikamoo, bibi."

Sikusema jingine. Kelele zangu za mtoto anaibwa alikwisha kuzisikia, akazidhani utani.

Bibi hakuitika. Nikasikia kitanda kinalia. Pazia likafunguka, akatoka. Kichwa wazi, miguu mitupu, kanga moja tu, uso umekonda kwa siku zile za msiba. Alinitazama mara moja usoni, akanipita. Akapita ukumbini, akapita uani katikati ya masufuria, na kila alipopita kicheko kilikatika. Mtu akaangusha kifuniko. Wale wapishi wakaiachia kanzu yangu bila kuambiwa. Mjane wa siku tatu anatoka kwenye eda, anakwenda barabarani mbele ya wanaume. Hapana aliyekuwa amepata kuona jambo hilo, na hapana aliyelidhania utani.

Alipotokeza barabarani wazee waligeuza nyuso zao kwa heshima, lakini vijana walisimama. Bibi akanyoosha mkono kuelekea kwenye ile bodaboda. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi.

"Yule si mtani wetu. Nileteeni mjukuu wangu."

Baba mtoto alikimbia bila viatu. Yule mtu alikwisha kupanda, mtoto kambana katikati yake na dereva, anamwambia dereva aondoke. Lakini dereva naye ni mtoto wa hapahapa. Aligeuka akamwona mama mtu mzima amesimama jua kali kichwa wazi, nyumba yenye turubai la msiba nyuma yake. Akazima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Jamani, huu utani tu," yule mtu akasema. Bado anatabasamu.

Baba alimchukua mwanawe. Kwenye mfuko wa rambo aliokuwa ameupachika yule mtu kwenye pikipiki, walikuta gauni jipya la mtoto, kiasi chake kabisa, viatu vidogo, na chupa ya dawa ya kikohozi, ile inayolaza. Vijana walitaka kummaliza palepale, wazee wakawazuia, akapelekwa polisi mzimamzima. Baadaye alifungwa. Alimtaka mtoto yule kwa ajili ya nini, hakusema hata alipoulizwa na hakimu, na mimi mpaka leo sipendi kufikiri sana. Usambaa wake ulikuwa wa uongo, hilo ndilo nililojua.

Bibi alirudi ndani mwenyewe, akaomba maji akaosha miguu. Jioni ile baadhi ya wanawake, wale wale waliokuwa wakinicheka, wakaanza kunong'ona kwamba mama kavunja eda, sijui itakuwaje. Ebo! Nilitaka kuwarushia bakora. Shehe akaja akakaa nje ya pazia, akasema dharura ina hukumu yake, mama aendelee na eda yake kwa amani. Wakanyamaza.

Nilipompelekea uji, bibi alinishika kifundo cha mkono.

"Usiniamkie tena maishani mwako," akaniambia. "Ukiniamkia nitajua kuna mtu anakufa."

Nilitii. Nilikaa pale mpaka mtoto akaanza shule, nikaolewa nikahamia Pangani, ng'ambo ya mto, na kila nilipokwenda kuwatazama nilianza matusi tangu barazani ili moyo wake utulie. Bibi alikuwa ananisikiliza kwanza, namwona kabisa anapima sauti yangu, kisha ndiyo anajibu kwa kunitukana ukoo mzima. Filamu za kutisha sikuzitazama tena. Si kwa woga. Naona zinadanganya, zinaweka hatari mahali penye kimya, ukimaliza kutazama unajiona salama penye watu.

Mwaka huu nikaitwa, bibi mgonjwa. Nilivuka kivuko asubuhi, na njia nzima nilikuwa natunga tusi. Nilipata zuri sana, la Mzigua aliyegombana na malaika wa mauti kwa sababu ya ugali. Nikaingia barazani kimya kwa kuwa nilisikia wanasoma Yasini, ile anayosomewa mtu anayekaribia kuondoka. Nikafungua lile pazia. Alikuwa amekuwa mdogo, ameishia kitandani, macho kayafumba. Lile tusi lote likanipotea. Nikapiga magoti, na neno likanitoka kabla sijalizuia.

"Shikamoo, bibi."

Macho yakafunguka wazi. Aliinua kichwa kutoka kwenye mto, mtu ambaye walikuwa wameniambia hawezi hata kujigeuza, na mguu mmoja ukaanza kuitafuta sakafu.

"Mtoto yuko wapi?"

Mtoto alikuwa nyuma yangu, amevaa sare ya sekondari, ananizidi kimo, kashika kikombe cha uji. Alikiweka chini akaja akakaa kitandani, akasema bibi, mimi hapa. Bibi akampapasa uso, akampapasa mabega, akashuka mpaka kwenye mkono, akaukamata. Mguu akaurudisha kitandani. Akalaza kichwa.

Kisha akanigeukia, mkono wa mtoto bado kaushika.

"Marahaba," akasema.